Kabla ya Kuupigia Makofi Mchoro wa Mtaa Mpya

Tuliitwa ukumbini hapa Nyalenda, Kisumu, tutoe maoni kuhusu mchoro wa mtaa mpya. Ulipendeza kweli: barabara pana, miti, watu wakitembea na watoto wao karibu na ziwa. Vijana tukapiga makofi. Kisha mama mmoja anayekaanga samaki akainuka, akausogelea ukuta, akautazama mchoro kwa muda mrefu. "Wanangu," akasema, "mimi niko wapi hapa?"

Hakuwamo. Hapakuwa na jiko wala moshi, hata meza ya omena.

Tangu siku ile kila ninaposoma falsafa ya siasa huwa na swali lake mkononi. Mwandishi Mwingereza Thomas More alipobuni neno utopia mwaka 1516, alilitoa katika Kigiriki, maana yake mahali pasipokuwepo, ingawa linasikika pia kama mahali pazuri. Taabu ni kwamba anayetaka kupajenga mahali hapo hupaweka juu ya mahali palipo na watu. Kenya tuna mfano wake, nao hausimuliwi sana. Mwaka 1890 mwanauchumi wa Vienna, Theodor Hertzka, alichapisha riwaya kuhusu nchi ya watu huru, ambako ardhi haina mwenyewe, akaiweka kwenye Mlima Kenya. Mwaka 1894 wafuasi wake wakashuka Lamu ili waijenge kweli. Msafara ukavunjika kabla ya kuufikia mlima. Kushindwa kwao hakuniumi. Kinachoniuma ni kwamba watu waliopenda usawa kiasi hicho walikuwa tayari kuuanzia kwenye ardhi ya wenyeji ambao hawakuulizwa.

Kwa hiyo ukionyeshwa mji wa ndoto, na mwanasiasa au na mwanafalsafa, jitafute humo. Halafu mtafute jirani yako aliye maskini kuliko wewe.

Ila usikimbilie upande wa pili. Kuna wenzetu ambao wakiona kosa moja husema nchi imekwisha. Nami nilisema hivyo, na mwaka mzima sikukanyaga kikao chochote. Distopia ya namna hiyo, yaani picha ya nchi iliyoharibika kabisa, humpumzisha anayeisema, kwa sababu kama kila kitu kimeoza hana kazi ya kufanya kesho asubuhi. Naipenda zaidi hofu ya mwanafalsafa wa siasa Judith Shklar, aliyezaliwa Riga mwaka 1928 na kuikimbia Ulaya na familia yake akiwa bado mtoto. Katika insha yake ya mwaka 1989 alitaka siasa ianze kwa kuzuia ukatili, hasa ule ambao wenye mamlaka huwatendea wanyonge. Hofu hiyo inajua inachokiogopa. Kwetu ilitimia katika sentensi moja ya memoranda, yaani maoni yetu ya maandishi kuhusu mchoro ule: kibanda cha mtu kisibomolewe usiku, bila notisi.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, basi nenda. Beba penseli. Kwenye kikao cha pili tulimpa yule mama penseli, akajichorea jiko upande wa bara, nyuma ya shule. Kijana mmoja akamuuliza kwa nini asikae ufukweni, kwenye wateja.

"Alasiri upepo hutoka ziwani, mwanangu," akajibu bila kuinua kichwa. "Nikikaa huko, moshi utawaingia watoto darasani."