Kila Mstari Ubebe Badiliko Moja

Katika kuwasaidia wanafunzi wa shule ya msingi, nimeona kwamba wengi hukosa hesabu huku kanuni wakiijua vizuri, kwa sababu tu hufanya hatua tatu kichwani na kuandika moja. Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni kwamba kila mstari ubebe badiliko moja, na mwanafunzi alitaje kwa sauti kabla ya kuandika mstari unaofuata.

Tuchukue 20 − 8 + 5. Aliyekariri MAGAZIJUTO (mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa) huona kujumlisha kumetangulia kutoa, hivyo hujumlisha 8 na 5, akapata 13, kisha akaandika jibu 7. Jibu sahihi ni 17, kwa kuwa kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa na hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. (Kifupisho hicho, kwa maoni yangu, kisifundishwe kamwe bila onyo hili.) Dawa yake ni kupiga mstari chini ya 20 − 8, kuandika 12 + 5, ndipo kuendelea.

Sehemu zinadai subira zaidi. Katika 2/3 + 1/4, wengi hujumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, wakapata 3/7. Kabla ya kusahihisha, mimi humuuliza mwanafunzi kama 3/7 inafika nusu. Haifiki, ilhali 2/3 peke yake imeshapita nusu, jumla itapunguaje? Akishaliona hilo mwenyewe, kutafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili) ya 3 na 4, ambayo ni 12, kunakuwa na maana, naye huandika 8/12 + 3/12 na kupata 11/12 bila kusukumwa.

Kwenye mafumbo, yaani hesabu za maneno, mwanafunzi aandike kwanza kinachoulizwa na kipimo chake.

Kuhakiki jibu nako ni sehemu ya kazi. Katika 3(x − 4) = 2x + 5, jibu ni 17: ukiliweka mahali pa x, kushoto 3 × 13 ni 39, na kulia 34 + 5 ni 39. Aliyezidisha x pekee na kuiacha 4 ilivyo hupata 9, na akihakiki ataona 15 upande mmoja na 23 upande wa pili. Hapo simruhusu kufuta. Hupanda mstari kwa mstari mpaka afike pale ambapo 12 ilipaswa kuandikwa.