Areka ya sebuleni yenye utando na majani yaliyopauka: huo ni utitiri, achana na dawa ya mbu

Mkuu umesema areka yako ya sebuleni (ule mmea wa mapambo jamii ya minazi) inapauka, chini ya majani kuna kama vumbi na utando mwembamba, jirani kakwambia piga dawa ya mbu ya kopo na wachangiaji wa juu wanasema ongeza maji na mbolea. Aisee subiri kwanza, hakuna hata kimoja hapo kitakachokusaidia.

Chukua karatasi nyeupe iweke chini ya jani, gongagonga jani kwa kidole, zitadondoka punje ndogo kama pilipili manga iliyosagwa. Ziangalie kidogo, zikianza kutembea basi ni utitiri. Ukizipangusa kwa kidole zinaacha mchirizi wa rangi ya kutu au wa kijani.

Sasa utitiri una miguu nane, ni ukoo mmoja na buibui na kupe, ndo maana dawa nyingi za mbu na mende haziutikisi, zinachofanya ni kuua wale wadudu wanaoula huo utitiri afu na majani yanaungua juu. Kinachouleta ni joto na hewa kavu. Hapa Dar nje unalowa jasho lakini ndani AC inafyonza unyevu wote, na areka asili yake ni Madagaska huko kwenye mvua. Mimi nina areka mbili nilizonunua pamoja kwa muuza maua mmoja wa barabarani, ya barazani mvua inaiosha haijawahi kunisumbua, hii ya sebuleni inayopigwa na AC ndo mgonjwa wangu wa kila mwaka. Kwa hiyo kabla ya dawa yoyote isogeze hiyo areka isipigwe na upepo wa AC.

Dawa yenyewe ni maji. Itoe nje au ipeleke bafuni, funika udongo kwa tambara au nailoni (kama bado una rambo za zamani umezificha mahali, maana zilipigwa marufuku 2019), inamisha chungu afu piga maji ya mpira kutokea CHINI ya jani, huko ndo wanakoishi, ukimwagia kwa juu umeosha vumbi tu. Ikikauka jioni pulizia maji lita 1 yenye kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo na kijiko 1 cha chai cha mafuta ya mwarobaini, utikise kila baada ya muda maana mafuta yanajitenga. Jaribu jani moja kwanza uone kesho yake limekaaje. Sabuni ya unga usiweke, na usipulizie mchana ukaiacha juani, utaikaanga.

Wengi wanapofeli ni hapa: wanapulizia mara moja, wanaona pasafi, wanaacha. Mayai yanabaki, na kwa joto la huku yanaanguliwa kwenye siku 3 hivi na ndani ya wiki na wao wanaanza kutaga. Kwa hiyo rudia kila baada ya siku 5 mpaka 7, mara 3 au 4, hata kama huoni kitu.

Dada uliyeuliza kuhusu vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, wewe yako ni vidung'ata, wadudu wadogo wenye ungaunga mweupe, kesi tofauti. Chovya pamba kwenye spiriti uwaguse mmoja mmoja, na yale maganda makavu yanayokumbatia shina yabandue taratibu, utashangaa familia nzima imejificha humo. Halafu angalia sisimizi, wakiwa wanapanda na kushuka kwenye shina ujue wanafuata ule utomvu mtamu wa vidung'ata na wanawalinda kabisa, usipokata njia ya sisimizi utasafisha mpaka uchoke.

Mkikata majani yaliyoharibika sana sawa, ila lile jani jipya la katikati lililosimama kama mkuki msiguse, na fundi wa bustani mwambieni kabisa maana wanapenda kusawazisha juu. Shina la areka lina sehemu moja tu ya kuotea, ukikata pale hilo shina ndo basi. Majani yaliyokwisha kupauka hayarudi kijani, msiyategemee, tazameni hilo jani jipya likifunguka safi mjue mmewamaliza.

Na kama shida ni ncha za kahawia tu, hakuna punje wala utando, hao si wadudu. Mara nyingi ni ukavu au maji ya kisima yenye chumvi, kinga maji ya mvua utumie hayo.

Mkuu weka picha ya chini ya jani, kwa karibu, hiyo uliyoweka ya mmea mzima na kochi haionyeshi kitu.