Maswali Yenu: Asiye nyota anaweza kuwa meneja wa besiboli?

SWALI: Mwanangu ana miaka 15, anacheza besiboli shuleni kwao hapa Fort Worth, Texas. Kudaka anadaka, mipira ya chini haimpiti. Kupiga ndiko kunakomshinda. Sasa anasema akikosa nafasi ya kucheza atasomea ukocha, mpaka awe meneja, yaani kocha mkuu wa timu. Baba yake anamwambia mtu asiye na jina uwanjani hawezi kuwaongoza wenye majina. Nani yuko sahihi?
Mama Neema

JIBU: Mama Neema, hapa niko na mtoto. Mwambie shemeji atafute habari za Ron Washington, aliyewahi kuwa meneja katika ligi kuu ya Marekani.

Alizaliwa New Orleans mwaka 1952, akakulia Desire, mtaa wa nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Mwaka 1970 aliingia kwenye chuo cha besiboli cha timu ya Kansas City Royals kule Florida, ambako vijana wenye mbio na miili mizuri walifundishwa mchezo tangu mwanzo. Aligusa ligi kuu mwaka 1977 akiwa na Los Angeles Dodgers, kisha akaisubiri tena hadi 1981, Minnesota Twins walipompa nafasi. Alicheza zaidi pale kati ya besi ya pili na ya tatu, yaani vituo ambavyo mkimbiaji huvipitia akizunguka uwanja. Alipostaafu alikuwa na mechi 564, na mipira aliyoipiga ikavuka uzio ilikuwa 20 tu. Wapo wanaofikisha hiyo kwa msimu mmoja.

Jina alilipata kwa kufundisha. Kuanzia 1996 alikuwa kocha kwenye timu ya Oakland, na kazi yake kubwa ilikuwa wadakaji wa ndani, wale wanaolinda karibu na besi. Eric Chavez, mlinzi wa besi ya tatu, alimkabidhi moja ya tuzo zake za Glovu ya Dhahabu, wanazopewa wadakaji bora, kwa kuwa aliona ni jasho la wote wawili.

Mimi niliishi Arlington, nikifanya kazi za usiku ghalani. Machi 2011 tulikwenda na rafiki yangu hadi Surprise, Arizona, kambi ya mazoezi ya Texas Rangers. Washington alikuwa meneja wao tangu 2007, na msimu uliotangulia alikuwa ameifikisha timu hiyo fainali kwa mara ya kwanza katika historia yake. Nilidhani nitamkuta kivulini na karatasi. Nilimkuta juani, kigongo chembamba mkononi, mbele yake kijana amepiga magoti yote mawili. Glovu ya yule kijana ilikuwa ndogo kama kiganja. Meneja anagonga mpira taratibu, unadunda mara moja karibu kabisa na glovu, kijana anaupokea. Tena. Tena. Kwa magoti huwezi kukimbilia mpira wala kuukwepa, imebaki mikono tu. Kila ulipotoka, Washington alimwonyesha kwa mkono wake mwenyewe: glovu inatangulia chini, halafu inapanda na mpira. Nilisimama pale kwenye waya mpaka shingo ikaungua, na sijaona ualimu mzuri kuliko ule.

Shemeji atauliza, je, alichukua ubingwa? Akiwa meneja, hapana. Usiku wa Oktoba 27, 2011 tulisikiliza redio ghalani, Rangers wakiwa St. Louis kwenye fainali, ambayo ni mfululizo wa mechi. Mara mbili walibakiza mpira mmoja tu wa kumaliza kazi, mara mbili ukawaponyoka, wakafungwa 10 kwa 9, na kesho yake wakafungwa tena, wakapoteza fainali. Watu walimlaumu Washington kwa kutombadilisha mlinzi wa upande wa kulia, na mpira ukapita juu ya mlinzi huyo. Hilo nalo ni sehemu ya kazi anayoitaka mwanao, ajue mapema. Pete ya ubingwa aliipata 2021 akiwa Atlanta Braves kama kocha wa besi ya tatu, yule anayewaelekeza wakimbiaji, na akiwa na miaka 71 Los Angeles Angels walimwita awe meneja tena.

Kuhusu kijana: mtafutie mpira wa tenisi na ukuta. Apige magoti hatua 3 kutoka ukutani, bila glovu, arushe na kupokea kwa mikono miwili, mara 50 jioni. Wiki ya pili amwite mdogo wake, amfundishe yeye. Niandikie yule mdogo anadakaje.