Jordan sijazivaa ata siku moja, mbona soli inapasuka?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi msomaji wenu wa hapa Entebbe. Niko na raba za Nike, Jordan 4 za 2012, mjomba alinitumia kutoka Marekani, sijawahi kuzivaa, nilizifunga na nailoni zikarudi kwa boksi yake na boksi ikakaa juu ya kabati chini ya mabati. Sasa harusi ya binamu iko Mbarara mwezi ujao nikasema wacha nizitoe, nakuta soli ya kati imepasuka mistari midogo midogo na rangi inabanduka. Naweza kuvaa? Na hizi zingine nitunze vipi?

JIBU: Pole sana kaka. Hizo usiende nazo harusini, tafadhali, manake zinaweza kukuachia ukumbini mbele ya wakwe. Bonyeza ile soli ya kati na kidole gumba, kwa nguvu. Ikirudi vizuri na rangi tu ndio inabanduka basi bado kuna maisha, zivae ndani ya nyumba jioni kadhaa uone, lakini kama inabonyea na hairudi, ama inanata, ama inatoa unga, hiyo povu (ile sponji ya soli ya kati) imeshakufa na hakuna dawa ya kuirudisha.

Najua unajiuliza imekufaje na haijaguswa. Watu wengi wanaamini kiatu kinazeeka kwa kuvaliwa, na wauzaji wanaongeza bei juu ya neno "haijavaliwa", na mi kila siku nasema kwa hizi raba neno hilo si sifa peke yake. Jordan 4 ilitoka mara ya kwanza 1989, na soli yake ya kati ni poliyurethini, sawa na Jordan 3 ya 1988. Hiyo povu ni laini na inabeba uzito vizuri ndio maana waliichagua, lakini aina nyingi zake adui yao ni maji yaliyo kwenye hewa. Unyevu unaingia polepole unakata vile viungo vinavyoshikanisha povu, wanaita haidrolisisi, na kazi hiyo inaendelea usiku na mchana ata kama kiatu kimelala kwa boksi, na joto linaiharakisha. Sasa wewe uko Entebbe, ziwa liko karibu pande zote, mvua ya Machi mpaka Mei, alafu tena Septemba mpaka Novemba, na boksi iko juu kabisa pale mabati yanapochoma mchana. Na ile nailoni ndio ilifungia unyevu ndani! Raba za namna hii zikishapita miaka kumi hivi ni za kuchunguzwa, na zako zimepita.

Kuvaa kunasaidia, na hapa nataka unielewe vizuri. Ukitembea, povu inabanwa na kuachiwa, hewa inazunguka, unyevu haukai sehemu moja, ndio maana unakuta mtu ana raba za mwaka huohuo na wa kwako amezivaa Jumapili za kawaida na bado zinatembea. Haizuii uzee lakini inauchelewesha. Kwa hiyo hizo zingine zako zitoe nailoni leo, ziweke chini ya kitanda ama kwa kabati ya chumba kisichochoma, zifunikwe na karatasi tu, mbali na dirisha na mbali na buti ya gari, na uzivae mara kwa mara siku za jua. Vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu weka kimoja viwili, usijaze, manake ngozi ikikaushwa sana nayo inapasuka, na pia gundi.

Kama roho yako haiwezi kuziacha hizo za mjomba (ningekuwa wewe pia isingeweza) kuna mafundi wanabadilisha soli nzima, wanatoa soli ya pea nyingine ya Jordan 4 mpya zaidi ambayo juu yake imeharibika, wanaihamishia kwa ngozi yako. Ni kazi ya mkono mzuri, na ni ghali, lakini ngozi ya juu inaishi miaka mingi kuliko povu.

SWALI: Mimi dada wa Busia, huwa nanunua raba soko la Owino, Kampala. Soli ikibanduka fundi akapaka gundi, mbona nyingine zinashika na nyingine zinaachia tena wiki hiyohiyo?

JIBU: Dada, angalia pale ilipobanduka. Kama soli imetoka nzima, safi, basi ni gundi tu imezeeka, fundi asugue gundi ya zamani yote iishe, apake ile ya viatu pande zote mbili, abane, na uache mpaka kesho yake ndio uvae. Supaglu kataa, inakuwa ngumu inavunjika ukikunja mguu. Lakini kama pale kuna unga na vipande vipande, gundi inashika unga, haishiki soli, hapo hela yako inapotea. Na kabla ya kununua fungua ulimi wa kiatu, kwa Nike karatasi ya saizi huwa na tarehe za kutengenezwa, soma hiyo kwanza kabla ya kuangalia usafi. Zenye soli ya mpira iliyoshonwa pembeni kama Jordan 1 zina unafuu, mpira wa nje haumomonyoki hivyo, na zenye povu ya EVA (aina nyingine ya povu ya plastiki) hazifi kwa unyevu, zinabonyea tu na kuwa ngumu.

SWALI: Soli ya kioo (ile ya mpira unaopitisha mwanga) ya Jordan 5 yangu imekuwa manjano. Nitumie Jik? – Arua

JIBU: Hapana, Jik inaweza kuharibu mpira na kuongeza manjano. Hiyo ni hewa na mwanga wa jua vimekula mpira. Wengine wanapaka krimu ya haidrojeni peroksaidi, wanafunika na kuanika juani, inapungua, alafu baada ya muda inarudi. Haidhuru kutembea lakini, vaa.