Kabla hujanunua chombo cha kale cha Kigiriki, uliza kilikotoka

Miaka kadhaa iliyopita, katika duka la vitu vya kale jijini London, nilishika lekitho, yaani kichupa chembamba cha udongo ambacho Waathene walikitilia mafuta na kukiweka kaburini pamoja na maiti. Nilikipenda papo hapo. Nilipouliza kilikotoka, muuzaji alinijibu kwamba kilikuwa cha mkusanyaji mmoja wa zamani wa Uswisi, lakini hakuwa na hata barua moja ya kuthibitisha. Nilikirudisha mezani nikaondoka, nawe nakushauri ufanye vivyo hivyo.

Majibu ya namna hiyo yamekwisha kuleta hasara kubwa. Mwaka 1972 Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, lilinunua kwa dola milioni 1 mtungi wa kuchanganyia divai uliofinyangwa na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios mnamo mwaka 515 KK, wenye picha ya miungu Usingizi na Mauti wakiinua mwili wa Sarpedon, shujaa wa hadithi za vita vya Troya. Ilielezwa kwamba ulitoka kwa mmiliki wa Lebanoni, kumbe ulikuwa umechimbwa kwa siri mwaka 1971 katika makaburi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, huko Cerveteri, Italia, ambako ulirejeshwa mwaka 2008. Mtungi umerudi, lakini kaburi lile haliwezi kurudi. Aliyezikwa humo alikuwa nani, alizikwa na vitu gani vingine, na kwa nini watu wake walimchagulia chombo kilichosafirishwa kutoka Athene, hayo yote yalipotea usiku wachimbaji walipolivunja, na hilo hunihuzunisha kuliko fedha zozote.

Kwa hiyo dai karatasi yenye tarehe, iwe stakabadhi, katalogi ya mnada au picha ya zamani, inayoonyesha kwamba chombo kilikwisha kutoka kihalali katika nchi yake kabla ya mwaka 1970, ulipopitishwa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kitamaduni. Kisha ukague weusi wa chombo chenyewe. Si rangi ya kupaka, bali ni tope laini lenye chuma lililogeuka jeusi tanurini hewa ilipozibwa, na likabaki jeusi hata hewa iliporuhusiwa tena. Taa ya urujuanimno (ultraviolet) mara nyingi hufichua mahali palipopakwa upya.

Baadaye nilinunua kigae kidogo tu cha chombo kilichovunjika, chenye jicho la farasi, pamoja na stakabadhi yake ya mwaka 1936. Vyote viwili nimeviweka katika kisanduku kimoja, na wanangu wanajua kwamba havitenganishwi.