Nishani yenye jina: maswali kuhusu kumtafuta askari wa Italia

Tumekusanya hapa maswali ya wasomaji waliorithi au kununua nishani za kijeshi za Italia, na wanaotaka kumjua aliyezivaa.

Nina nishani ya fedha. Upande mmoja una ngao ya msalaba yenye taji na maneno "Al valore militare". Upande wa pili, ndani ya shada la majani, limechongwa jina la mtu, na pembezoni pameandikwa "Monte San Michele, 6 agosto 1916". Nianzie wapi?

Hiyo ni nishani ya ushujaa wa kijeshi, ambayo Mfalme Carlo Alberto wa Sardinia aliianzisha mwaka 1833 kwa dhahabu na fedha, na ya shaba ikaongezwa mwaka 1887. Monte San Michele ni kilima karibu na Gorizia, na tarehe uliyoitaja inaangukia katika vita vya sita kati ya vita 12 vya mto Isonzo dhidi ya Austria-Hungaria katika Vita vya Kwanza vya Dunia, siku ambazo Waitaliano walikitwaa kilima hicho baada ya kumwaga damu nyingi kwa zaidi ya mwaka mzima. Kwa hiyo tayari unajua mtu wako alikuwa wapi siku moja ya maisha yake, jambo ambalo jina peke yake lisingekuambia.

Hatua inayofuata ni kutafuta maelezo rasmi ya kitendo alichotunukiwa, ambayo Waitaliano huyaita *motivazione*. Chama cha waliotunukiwa nishani za ushujaa, Istituto del Nastro Azzurro, kilichoundwa mwaka 1923, kina hazina ya majina inayoweza kupekuliwa kwenye intaneti. Ukiyapata maelezo hayo usikimbilie sifa za ushujaa, kwa kuwa nyingi zimeandikwa kwa lugha ile ile ya kujaza fomu. Soma mstari wa kwanza. Kwa kawaida hutaja jina la ukoo, jina la mtu, kisha neno "da" na mji anakotoka, halafu cheo na rejimenti. Mji huo ndio utakaokufungulia milango mingine yote.

Jina nililonalo ni la kawaida mno na nimekuta watu wengi wanaoitwa hivyo. Nitamtambuaje wangu?

Utamtambua kwa baba yake na mwaka wake wa kuzaliwa. Nyaraka za Italia za zama hizo humwandika mtu pamoja na jina la baba: "di Antonio" ni mwana wa Antonio aliye hai, na "fu Antonio" ni mwana wa marehemu Antonio. Karatasi mbili za mtu mmoja zaweza kutofautiana hapo kwa sababu tu baba alifariki katikati, basi usimtupe mtu wako kwa tofauti hiyo.

Ukishajua mji na mwaka, tafuta kumbukumbu yake ya utumishi, *foglio matricolare*. Vijana waliandikishwa kwa kundi la mwaka wa kuzaliwa katika wilaya ya kijeshi ya kwao, na wilaya hiyo ndiyo iliyotunza rejista yao hata walipopelekwa kupigana mbali. Rejista za makundi ya zamani sasa zimo katika hifadhi ya nyaraka ya mkoa husika, Archivio di Stato, wala si Roma kama wengi wanavyodhani. Sheria inataka orodha za uandikishaji zikabidhiwe hifadhi miaka 70 baada ya mwaka wa kuzaliwa wa kundi, hivyo kundi la 1895 limefunguka zamani. Waandikie kwa Kiitaliano, hata kifupi, ukitaja jina, baba, mwaka na mji.

Karatasi utakayoipata itakupa mtu mzima: urefu wake, rangi ya nywele na macho, kazi aliyofanya kabla ya jeshi, kama alijua kusoma na kuandika, vikosi alivyopitia, majeraha, kutekwa, kuruhusiwa kurudi nyumbani, na nishani zake. Maofisa walikuwa na hati ya namna nyingine, *stato di servizio*, na mabaharia waliandikishwa kupitia mamlaka za bandari, kwa hiyo hakikisha kwanza cheo na jeshi lake.

Msalaba wangu wa "Merito di guerra" (stahili ya vita) umechongwa jina nyuma. Je, ni ushahidi?

Ni dokezo tu. Msalaba huo, ulioanzishwa Januari 1918, kwa kawaida ulitolewa bila jina, na mara nyingi mwenyewe au familia yake ndiyo iliyoupeleka kwa sonara achonge jina. Thibitisha kwa karatasi.

Nitajuaje kama alifia vitani?

Kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, pekua *Albo d'oro*, orodha ya waliokufa yenye majina zaidi ya 500,000, iliyopangwa kwa maeneo ya kuzaliwa. Hutaja baba, rejimenti, tarehe, na kama alikufa kwa jeraha au ugonjwa. Askari waliopigwa risasi kwa hukumu za mahakama za kijeshi waliachwa nje, kwa hiyo kukosekana kwa jina si hakika kwamba alirudi nyumbani.

Babu yangu aliachiwa nishani ya shaba na mateka wa Kiitaliano kule Nanyuki. Imeandikwa jina na "Passo Uarieu, gennaio 1936". Inawezekana?

Inawezekana kabisa. Passo Uarieu ni njia ya mlimani huko Tembien, Ethiopia, palipopiganwa Januari 1936, na walioilinda wengi wao walikuwa Mashati Meusi, wanamgambo wa chama cha Kifashisti. Ukikuta cheo "camicia nera" (shati jeusi) katika maelezo ya nishani, huyo alikuwa mmoja wao. Baada ya Waitaliano kushindwa na Waingereza mwaka 1941, katika Vita vya Pili vya Dunia, maelfu waliletwa Kenya, wakawekwa katika makambi ya Nanyuki, Naivasha, Gilgil na kwingineko. Kumbukumbu yake ya utumishi inapaswa kuonyesha tarehe ya kutekwa na ya kurejeshwa kwao. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huko Geneva nayo ina kumbukumbu za mateka, ila maombi ya Vita vya Pili hupokewa kwa vipindi maalumu, hivyo tayarisha mapema jina, baba na tarehe ya kuzaliwa. Ikiwa alifia Kenya, ulizia katika kanisa la ukumbusho la Waitaliano huko Nyeri, alikozikwa pia Duke wa Aosta, kamanda wao, aliyefariki Nairobi mwezi Machi 1942.