Kwa mnaoanza kukaa dirisha la kodi za ardhi na majengo

Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya dirisha letu natafuta jalada, nikamsikia kijana wetu mpya akimjibu mzee mmoja: "Mfumo ndivyo unavyosema, mzee wangu." Mzee alishika hati ya madai mkono wa kulia, na mkono wa kushoto alikuwa na stakabadhi za miaka sita zilizofungwa kwa mpira. Kijana alikuwa na adabu. Alimwamkia, akampa kiti, akamwita mzee wangu. Stakabadhi hakuzigusa.

Tumbo lilinikaza, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitoa mimi, karibu kwa maneno yaleyale, na mtu akaumia. Nitalieleza huko mbele. Kwanza niwaambie kwamba nawapenda, wadogo zangu. Mna kasi ambayo sisi tuliolelewa na daftari la uthamini hatukuwa nayo. Lakini mnayakosea yaleyale tuliyoyakosea, na kila nikiyaona yanajirudia nashindwa kukaa kimya.

1. Jua ni kodi ipi inayoulizwa kabla hujajibu.

Mwananchi akisema "nimekuja kulipia nyumba", bado hajasema kitu. Kodi ya pango la ardhi ni ya kiwanja. Hapa Tanzania iko chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, inafuata ukubwa wa kiwanja, matumizi yake na mahali kilipo, na mwaka wake unaanza Julai 1. Kodi ya majengo ni ya kilichosimama juu ya kiwanja. Hiyo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye luku, yaani umeme wa kulipia kabla: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, na Julai 2023 ikapanda hadi 1,500 na 7,500.

Sasa mtu aliyekatwa kwenye luku miaka yote hiyo anaamini kwa moyo mweupe kwamba nyumba yake haidaiwi. Siku anataka kuuza, anakuta pango la ardhi la miaka tisa limelala na adhabu juu. Anakuja dirishani amepaliwa na hasira, nanyi mnamjibu kwamba kutojua sheria si utetezi. Jamani! Nani alimweleza? Mpeni dakika tatu. Chukueni karatasi, chora mraba wa kiwanja, chora nyumba juu yake, mwonyeshe hii inalipwa huku na hii inalipwa kule. Nimechora picha hiyo mara nyingi hadi mkono unaichora wenyewe, na sijapata kuona mtu aliyeondoka hajaelewa.

2. Mita si nyumba.

Nyumba moja inaweza kuwa na mita tatu kwa sababu ya wapangaji, na mita moja inaweza kulisha nyumba mbili. Mwenye nyumba mwenye mita zaidi ya moja zinazokatwa aende na namba za mita zote, ibaki moja ya kukatwa. Basi. Hilo halihitaji hotuba.

Linalohitaji subira ni mpangaji. Alikuja dada mmoja ndiyo kwanza amehamia nyumba iliyokaa tupu miezi kumi. Amenunua umeme wa 20,000, amepata uniti za kuchaji simu na kuwasha taa siku chache. Analia kwamba ameibiwa. Hakuibiwa, miezi kumi kwa 1,500 ni 15,000, na deni hilo lilikuwa limelala kwenye mita likimsubiri mtu wa kwanza kununua umeme. Lakini deni si lake, ni la mwenye jengo. Nilimwandikia hesabu kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia ampelekee baba mwenye nyumba ampunguzie kwenye kodi ya mwezi unaofuata. Alirudi wiki ile ile kunishukuru, na karatasi yangu ameikunja vizuri ndani ya pochi.

3. Andika namba ya kiwanja ukiwa umesimama mbele ya kiwanja.

Hapa naomba mnivumilie.

Mwaka 2011 nilikuwa kwenye manispaa moja ya mkoani. Wakati huo halmashauri ndiyo iliyokuwa ikikusanya kodi ya majengo chini ya sheria ya 1983, kwa kufuata thamani. Wazee wenzangu mnakumbuka: anathaminiwa jengo peke yake, ardhi haimo, gharama ya kulijenga upya leo, ukitoa uchakavu. Tuligawanywa na mthamini wetu, kila mmoja na fomu zake na utepe wa kupimia. Kuta za nini, paa la nini, sakafu ngapi, vyumba vingapi, hali ikoje.

Siku hiyo mvua ilitukuta katikati ya mtaa. Nilikuwa nimeshapima nyumba nane na kuandika vipimo, lakini namba za viwanja nilikuwa nimeziacha wazi kwenye fomu mbili za mwisho, nikijiambia nitazijaza nikishaingia kwenye gari. Nikazijaza garini, kwa kumbukumbu, kioo kimejaa ukungu, dereva ananihimiza. Kiwanja 41 na kiwanja 47, mstari mmoja. Ya 41 ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na baraza. Ya 47 ilikuwa nyumba ya wageni ya sakafu mbili. Niliziandika kinyume.

Jioni nilihamisha fomu kwenye daftari kwa mwandiko wangu mzuri ambao bosi alikuwa akiusifu. Daftari likabandikwa, muda wa pingamizi ukapita, hati za madai zikatoka.

Mwenye 41 alikuwa mama mjane, mshonaji. Alikuja na hati yake, akaiweka mbele yangu, akaweka kidole kwenye mstari. "Mwanangu, hapa pameandikwa sakafu mbili. Mimi sina hata ngazi ya kupandia darini."

Ningeinuka siku ile, tungeyamaliza. Ilikuwa Ijumaa, foleni imefika mlangoni, na mwandiko ule ulikuwa wangu na niliuamini. Nikamwambia: "Mama, daftari ndivyo linavyosema, na muda wa pingamizi umeshapita." Niliyasema kwa upole. Akakunja hati yake mara nne, akaondoka.

Alilipa. Kidogo kidogo, kwa awamu, mwaka wa kwanza na mwaka wa pili. Nilimkatia stakabadhi mimi mwenyewe, nikamwona anavyotoa noti zilizokunjwa kwenye ncha ya kanga, na sikuuliza. Mwaka wa tatu akashindwa. Ikatoka notisi ya kusudio la kumpeleka mahakamani, na kwa kuwa mpeleka notisi alikuwa mgonjwa, nikatumwa mimi.

Nilifika na mtendaji wa mtaa. Mama alikuwa barazani anashona gauni kwa mkono, sindano na uzi. Nikasimama pale na notisi mkononi, nikaitazama nyumba. Vyumba viwili na baraza. Nikageuka kushoto, nikaiona nyumba ya wageni na ngazi yake ya zege upande wa nje, nikaikumbuka mvua. Miguu iliisha nguvu. Mtendaji alidhani nimepandwa na malaria.

Nilimuuliza mama kwa nini anashona kwa mkono. Akasema cherehani aliiuza mwaka wa kwanza, akalipia kodi.

Nilimweleza pale pale, mbele ya mtendaji, kwamba kosa ni langu. Hakupiga kelele. Aliniletea maji. Nadhani angenipiga ningelala vizuri zaidi usiku ule.

Kurekebisha kulichukua miezi saba. Barua kwa mthamini, ukaguzi upya, kikao, marekebisho ya daftari. Fedha aliyolipa haikurudishwa mkononi. Ilibaki kama salio la kulipia miaka ya mbele. Nilimpelekea hesabu: kwa kodi yake halisi, salio lingemlipia miaka kumi na tisa. Akaisoma, akaniuliza, "Na cherehani?"

Tulichangishana idarani. Tulimpata cherehani iliyotumika, si kama ile yake. Mwaka 2016, ukusanyaji ulipohamia TRA, Mamlaka ya Mapato, jina lake na salio lake niliviandika kwa mkono kwenye karatasi ya peke yake, nikaiambatanisha juu kabisa ya orodha ya makabidhiano, nikasimama hadi aliyeipokea akaisoma.

Kuna jambo jingine vijana huwa hamlifikirii. Kosa la namba halina mtu mmoja. Mwenye nyumba ya wageni alilipa kodi ya vyumba viwili miaka mitatu akanyamaza. Tulipomwandikia malimbikizo alikuja juu, na kwa upande wake alikuwa na hoja: hati za madai zilitoka kwetu, alizilipa zote kwa wakati. Ilibidi tukae naye mezani, tukamgawia deni kwa awamu.

4. Yale ya kila siku.

Marehemu halipi kodi na hasaini fomu. Anayesikilizwa ni msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye mwenye sauti kubwa. Karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa haibadilishi jina kwenye jalada, kwa hiyo madai yataendelea kwenda kwa aliyeuza hadi uhamisho wa milki ukamilike. Ofa, ile barua ya kugawiwa kiwanja, si hati miliki. Aliyegeuza sebule kuwa duka aambiwe mapema habari ya kubadili matumizi, kabla mkaguzi hajamfikia. Namba ya kumbukumbu ya malipo isomeni kwa sauti, mwananchi akiifuata kwenye simu yake, tarakimu kwa tarakimu.

5. Msamaha hauji wenyewe.

Mwenye miaka 60 na kuendelea anasamehewa kodi ya jengo kwa nyumba anayoimiliki na kuishi. Wengi hawajui, nao luku inawakata kila mwezi. Ukimwona mzee dirishani, hata amekuja kwa jambo jingine, muulize. Usingoje aombe kitu ambacho hajui kipo. Na msimpe fomu mkamwacha nayo: wengine macho hayaoni herufi zile ndogo, wataona haya kusema. Jaza naye.

6. Gusa stakabadhi.

Narudi kwa yule mzee wa wiki iliyopita. Nilimwomba kijana asogee, nikavuta kiti upande wa mzee, tukafungua ule mpira. Tulizipanga stakabadhi sita mezani kwa mwaka, kijana akawa anasoma namba na mimi nafuata kwenye kompyuta. Nne zilikuwemo. Ya tano haikuwemo, wala ya sita. Tukatafuta kwa kiasi, tukatafuta kwa tarehe. Saa tisa na dakika arobaini tukazikuta: mzee ana kiwanja Kitalu G, malipo mawili yameingizwa Kitalu C, kiwanja chenye namba ileile.

Mzee akavua miwani akaifuta, akasema, "Nilijua sijachanganyikiwa. Wanangu walishaanza kusema nachanganyikiwa."

Kijana aliandika ombi la marekebisho pale pale, mzee akasaini, akaondoka na nakala. Kisha kijana akabaki ameinamia meza kwa muda, nikadhani amekasirika kwa kuwa nilimsogeza mbele ya watu. Akainua uso akaniuliza: "Na huyu wa Kitalu C, ambaye anajiona hadaiwi, tunamwambiaje?"

Nikampa karatasi. Barua imeandikwa jioni ile, na amesema ataipeleka mwenyewe.